Tusiharakishe mashini ya kupima mkojo

Ndugu wapakaji wa rangi, wengi wenu mnauliza kwa nini matokeo ya mkojo yanakawia. Wengine wanasema: pompi iongezwe nguvu, kazi iishe upesi. Mimi sikubali, na sababu ni hii.

Tolueni mnayoivuta puani inageuzwa na ini kuwa asidi hipuriki, nayo inatoka katika mkojo. Zileni inaacha asidi nyingine, ndugu yake wa karibu sana. Kwa kuzitenga, pompi inasukuma mkojo uliochujwa, pamoja na maji na metanoli, ndani ya bomba fupi la chuma lililojaa punje za mikroni 5. Kinachoshikwa kidogo na punje kinatoka kwanza. Kinachoshikwa sana kinatoka nyuma. Presio yake mara nyingi ni bar 100 mpaka 200. Hewa ya kompresa ya mgodini ni karibu bar 7 tu!

Lakini si presio inayotenga. Presio inaonyesha tu taabu ya maji kupita. Ukizidisha mwendo wa maji mara mbili, presio inapanda karibu mara mbili, na zile asidi zinakosa nafasi ya kuachana. Karatasi inaweza kuonyesha mlima mmoja badala ya miwili, na mtu wa zileni akaandikiwa tolueni. Ni kweli, tangu 2004 kuna mashini za punje zisizofika mikroni 2, zinazokwenda upesi na kutenga vizuri. Lakini hizo zimetengenezwa kuvumilia hata bar 1000. Ya zamani ukiilazimisha itavuja.

Tena presio ni shahidi. Ikishuka bila sababu, kuna mahali panapovuja, na kila kitu kinachelewa kutoka. Ikipanda, uchafu umeziba bomba. Kwa hiyo naomba nambari ya presio iandikwe kwenye kila fishi, kando ya matokeo, munganga aione kabla ya kumhamisha mtu kazi. Mtasema ni maandiko mengi. Ni nambari moja!

Nanyi leteni mkojo mwisho wa zamu, si asubuhi. Siku hiyo acheni limonadi: nyingi zimetiwa benzoati ili zisiharibike, na mwilini hiyo nayo inageuka asidi hipuriki, hata kwa mtu asiyegusa rangi.