Mvua Haina Njia Moja

Sina ugomvi na hesabu. Ugomvi wangu ni na wale wanaotutaka tunyamaze kwa kuwa hatujui kukokotoa.

Swali lao ni kongwe: umaskini huleta vita, au vita ndivyo viletavyo umaskini? Viwili hivi hufuatana, na jicho tupu halijui kipi kimetangulia. Basi wachumi hutafuta kitu cha tatu, kitikisacho uchumi bila ya chenyewe kutikiswa na vita, wakakiita chombo. Mwaka 2004 Edward Miguel, Shanker Satyanath na Ernest Sergenti walichagua mvua. Walitazama nchi 41 za Afrika, kusini ya Sahara, kuanzia 1981 hadi 1999. Mvua ikipungua, mapato huanguka; na mapato yakianguka hivyo, waliona vita vikizidi. Mvua haitumwi na jemadari, kwa hiyo lawama ikaangukia uchumi.

Hoja ni nzuri, ila imesimama kwa mguu mmoja: kwamba mvua haina njia ya kuvifikia vita isipokuwa kupitia mifuko ya watu. Lakini mvua hukata barabara, hufurisha mito, huwafungia watu majumbani. Waandishi hao waliiona hatari hiyo, wakazichunguza barabara. Si wote waliowaiga waliojisumbua hivyo.

Mwaka 2015 Heather Sarsons aliitazama India. Katika wilaya zinazonyweshwa na mabwawa, mapato hayakuitegemea sana mvua. Hata hivyo, upungufu wa mvua uliendelea kuandamana na ghasia baina ya Wahindu na Waislamu. Mvua ilikuwa imepita njia nyingine.

Hapa ndipo ninapowashika. Kwamba njia nyingine hazipo, hakuna jedwali liwezalo kulithibitisha peke yake. Yataka kumjua anyeshewaye. Ujuzi huo anao mkulima, anao mvuvi, anao na mshairi, ambaye kwake mvua imekuwa neema na maafa, kungoja na kutengana, katika beti zile zile. Hao ni wa kuulizwa mwanzo, si wa kufundishwa mwisho. Tusipowauliza, mtu aliyeinuka kwa ajili ya dhuluma ataandikwa kuwa aliinuka kwa njaa tu, na dhuluma yake itafutwa kwa tarakimu.

Wahenga walisema, chombo cha kuzama hakina usukani. Usukani wa chombo hiki ni kuwajua watu na mahali pao. Asiyekuwa nao, na asitweke tanga.