Bawasiri: maradhi tunayoyaficha hadi damu inapungua



Barua iliyotufikia kutoka Kilwa Masoko imeandikwa na mama wa watoto wanne ambaye kwa miaka miwili amekuwa akiona damu aendapo haja kubwa. Hakumwambia mumewe, wala mama yake mzazi. Waliopata kujua ni wachuuzi wa dawa wanaopita sokoni na vipaza sauti, na kila mmoja wao alimuuzia chupa yake. Sasa anashikwa na kizunguzungu anapoinuka kutoka kwenye sijda. Anatuuliza mambo mawili: ni dawa gani ya nyumbani itakayomfaa, na je, Swala zake zinasihi?

Tutaanza na hilo la pili, kwa kuwa ndani yake limo na jibu la aibu yake. Imamu Bukhari amepokea katika Sahihi yake kwamba Swahaba Imran bin Huswain (r.a.) alikuwa na bawasiri, akamwuliza Mtume (s.a.w.) kuhusu Swala. Aliamrishwa aswali kwa kusimama. Asipoweza, aswali kwa kukaa. Na asipoweza hata hivyo, aswali kwa ubavu. Tunamwomba msomaji atue hapa kidogo. Ruhusa hii ambayo leo anaitumia mzee aliyepooza, aliyevunjika mguu na aliyetoka kupasuliwa, imetufikia kwa sababu mtu mmoja hakuona haya kuyataja maradhi yake mbele ya mbora wa viumbe. Leo sisi tunashindwa kuyataja mbele ya muuguzi.

Kuhusu twahara, damu inayotoka katika njia ya haja hutengua udhu. Ikiwa inatoka mara moja moja, mtu atajisafisha na kutawadha upya. Ikiwa haikatiki, kwa madhehebu ya Shafi yanayofuatwa na wengi wetu wa mwambao, hukumu yake ni kama ya mwenye damu ya istihadha: ataosha, ataweka kitambaa safi cha kuzuia, atatawadha baada ya wakati wa Swala kuingia, kisha ataswali faradhi yake bila kuchelewa. Mama huyu asiache Swala hata moja. Kwa yaliyo ya ndani zaidi amwulize sheikh wa msikiti wake, au amtume mumewe akamwulizie.

Ipo dhana nyingine inayowanyamazisha watu, hasa wanaume, nayo hatuna budi kuitaja kwa sitara. Wapo wanaodhani kwamba mwenye maradhi ya sehemu hiyo lazima awe amefanya jambo chafu. Dhana hiyo ni dhuluma. Bawasiri humpata mcha Mungu na asiyekuwa hivyo, fundi cherehani, dereva wa bodaboda, mvuvi na mja mzito, na Surat Al-Hujurat imetukataza dhana mbaya baina yetu.

Bawasiri, ambayo baadhi ya watu huiita mgolo au kikundu, si mdudu wala si uchafu ulioingia mwilini. Kila binadamu ameumbwa na vijito laini vyenye mishipa ya damu mwishoni mwa puru, vinavyosaidia kuzuia choo na upepo. Vijito hivyo vikishinikizwa mara kwa mara, huvimba na kulegea. Vilivyo ndani aghalabu haviumi, bali hutoa damu nyekundu iliyo mbichi, inayodondoka au kuonekana juu ya kinyesi. Vikizidi kulegea huchomoza nje wakati wa haja, kisha hurudi vyenyewe au hurudishwa kwa kidole. Vya nje huwasha na kuvimba, na damu ikiganda ndani yake hutokea uvimbe wa bluu wenye maumivu makali siku mbili tatu za mwanzo.

Kinachovishinikiza zaidi ni choo kigumu na kusukuma kwa nguvu. Kwa hiyo tiba ya nyumbani huanza na sahani. Na tuseme kweli, sahani yetu ya pwani ni tamu lakini ina upungufu. Wali wa nazi kwa samaki, au ugali wa muhogo kwa samaki, ukiliwa mchana na usiku bila mboga wala kunde, huacha choo kikavu kwa sababu una nyuzinyuzi chache. Hatusemi watu wa Kilwa waache samaki, nani angetusikiliza? Tunasema kando ya samaki pawe na bakuli la kunde, choroko au mbaazi, na fungu la matembele, kisamvu au mchicha. Unga wa dona ni bora kuliko sembe. Papai bivu asubuhi, machungwa yaliwe pamoja na nyama yake badala ya kufyonzwa na kutupwa, na maembe msimu wake ukifika. Mtu mzima anahitaji nyuzinyuzi gramu 25 hadi 30 kwa siku. Zisiongezwe kwa pupa, maana tumbo litajaa gesi; ziongezwe kidogo kidogo kwa wiki mbili, na kila zinapoongezeka, maji nayo yaongezeke. Nyuzinyuzi bila maji huzidisha ugumu. Anayeshinda juani kwenye mashamba ya chumvi au chomboni baharini anapoteza maji mengi kwa jasho, na vikombe viwili vya kahawa barazani haviwezi kuyarudisha. Glasi nane za maji kwa siku ni kipimo cha chini kwake.

Jambo la pili ni adabu ya chooni. Vyoo vyetu vya kuchuchumaa vina sifa njema, kwani mkao huo hunyoosha njia na kupunguza haja ya kusukuma. Mwenye choo cha kukaa na aweke kigoda chini ya miguu. Lakini sifa hiyo hupotea mtu akikaa robo saa nzima, siku hizi na simu mkononi. Dakika chache zinatosha. Choo kisipokuja, inuka, urudi baadaye. Wakati mwepesi zaidi ni baada ya kifungua kinywa, kwa kuwa chakula kikiingia tumboni utumbo mpana huamka. Na haja ikija isizuiwe. Mwanafunzi anayekwepa choo cha shule, mama anayesubiri giza kwa kuwa choo cha nyumbani hakina mlango, abiria wa basi anayejizuia kutoka Dar es Salaam hadi Nangurukuru, wote hawa kinyesi chao hukauka kikiwa ndani. Dini yetu hata Swala imechukizwa kuswaliwa na mtu anayezuia haja, basi vipi tuizuie kwa ajili ya biashara?

Kwa maumivu na mwasho, maji ya uvuguvugu ndiyo dawa tunayoipendekeza kwanza. Yatiwe kwenye beseni safi, mgonjwa akalie humo dakika 10 hadi 15, mara mbili au tatu kwa siku na kila baada ya haja. Hayahitaji chumvi, wala dawa ya kuulia vijidudu, ambayo huchoma ngozi. Istinja ya maji tuliyofundishwa ni rehema kwa mgonjwa huyu kuliko karatasi kavu. Aache sabuni za manukato, na ajikaushe kwa kugusisha kitambaa laini bila kusugua. Kipande cha barafu kilichofungwa kwenye kitambaa hupunguza uvimbe wa nje. Malhamu za dukani hutuliza, ila nyingi zina dawa ambayo haifai kutumiwa zaidi ya wiki moja bila ushauri.

Wajawazito tunawausia peke yao. Uzito wa mimba na mabadiliko ya mwili huleta bawasiri hasa miezi mitatu ya mwisho, na aghalabu hupungua baada ya kujifungua. Vidonge vya kuongeza damu vinavyotolewa kliniki hufanya choo kuwa kigumu na cheusi. Visiachwe, mwambie muuguzi, akupe dawa salama ya kulainisha choo.

Yapo yanayofanywa majumbani yanayotutia hofu. Kitunguu saumu kilichopondwa, tumbaku na majivu havina kazi sehemu hiyo isipokuwa kuichubua. Kukatwa na mganga kwa wembe kumewaletea watu kuvuja damu na njia kuziba kwa makovu. Na wale wanaotangaza kuwa bawasiri humaliza nguvu za kiume wanauza hofu kwanza, dawa baadaye.

Sasa tunamrudia mama wa Masoko kwenye swali lake la kwanza. Kwake yeye beseni na papai havitoshi. Miaka miwili ya damu na kizunguzungu ni dalili ya upungufu wa damu, naye aende Kituo cha Afya cha Masoko wiki hii apimwe wingi wa damu. Wala tusijipe uhakika kwamba kila damu ni bawasiri. Amiba na kichocho cha tumbo huleta damu na utelezi. Saratani ya utumbo mpana nayo huanza hivyo hivyo. Damu iliyochanganyika na kinyesi, choo cheusi kama lami kwa asiyetumia vidonge vya madini ya chuma, kupungua uzito, mabadiliko ya choo yasiyo na sababu, au damu kwa mara ya kwanza kwa aliyepita miaka 45, vyote hivyo vinataka daktari. Hata anayejitibu nyumbani, wiki moja ikipita bila nafuu, aende. Kituo kikihitaji msaada humwelekeza mgonjwa Hospitali ya Kinyonga, Kilwa Kivinje, au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Sokoine mjini Lindi.

Kinachoogopwa zaidi ni uchunguzi, basi tuueleze. Mgonjwa hulala ubavu wa kushoto, magoti ameyakunja kifuani, amefunikwa shuka. Daktari huangalia, kisha huingiza kidole chenye glovu na mafuta, na pengine mrija mfupi wenye taa. Ni dakika chache. Mwanamke ana haki ya kuomba daktari au muuguzi wa kike, na asipopatikana, sharia imeruhusu kufunuliwa kwa kadiri ya haja ya tiba. Mumewe anaweza kuingia naye. Ikibainika ni bawasiri ya ndani isiyosikia lishe wala dawa, si lazima kisu: zipo hospitali zinazoufunga uvimbe kwa kijipira kidogo, ukanyauka na kudondoka wenyewe baada ya siku kadhaa.

Na kwa kuwa wengi huuliza: dawa ya kuingizwa ndani ya njia ya haja, kwa madhehebu ya Shafi, hubatilisha swaumu. Ya kupaka nje haina tatizo. Anayefunga na aitumie ile ya kuingiza baada ya futari, usiku ambao pia ndio wakati wake wa kunywa maji.