Bambo Lisiishie Mdomoni mwa Gunia

Aliyewahi kupeleka maharage sokoni Dongobesh au mnadani Katesh anamjua mnunuzi mwenye bambo. Hana haja ya gunia kufunguliwa. Anasogea, anachoma ubavuni, anachomoa kile chuma chenye mfereji, anamwaga punje kiganjani, anazigeuzageuza kwa kidole gumba, kisha anataja bei. Punje hamsini zimesema kwa niaba ya kilo mia moja. Muuzaji mjanja naye anajulikana: yaliyo safi ameyaweka juu, karibu na mdomo wa gunia, na yaliyobunguliwa ameyalaza chini. Mnunuzi mgeni huchoma mdomoni akaondoka na furaha yake. Mzoefu huchoma juu, katikati na chini, tena haridhiki na gunia moja.

Ndugu zangu wa Mbulu na Hanang, nataka tuzungumze habari za utafiti wa maoni ya wapiga kura, ule unaotangazwa kabla ya uchaguzi kwamba chama fulani kinapendwa na asilimia kadha wa kadha ya wananchi. Hilo nalo ni bambo. Nchi ndiyo gunia, na wahojiwa elfu moja na ushei ndio zile punje za kiganjani. Wapo wanaolicheka: watu elfu moja watasemaje kwa ajili ya mamilioni? Hao hao kesho watauza maharage kwa njia iyo hiyo bila kulalamika. Wapo wanaoliamini kama hukumu ya mahakama. Hawa wamepotea zaidi, na ndio ninaowaogopa.

Kwanza jina lenyewe tulisafishe, maana limebeba mizigo mingi. Kwetu "kura ya maoni" ni ile ya kuamua jambo la taifa, kama ile ya Katiba Inayopendekezwa iliyopangwa tarehe 30 Aprili 2015 ikaahirishwa mpaka leo. "Kura za maoni" ni zile pia za ndani ya chama, ambazo mwaka 2020 ziliwafanya watia nia wengi warudi nyumbani wakisema wajumbe si watu. Halafu magazeti yanautwika jina hilo hilo utafiti wa kuuliza nani anapenda chama gani. Mdadisi akibisha hodi Endasak na kusema amekuja kwa kura ya maoni, mzee wa watu atajua amejiwa na lipi? Mimi nitasema utafiti wa maoni.

Sasa niwakumbushe jambo la hapa hapa kwetu, ambalo vijana wengi hawakusimuliwa. Agosti 1960 Tanganyika ilichagua wabunge wa kuivusha kwenye uhuru. Viti vilikuwa 71. TANU ilipita bila kupingwa katika viti 58, na katika vile 13 vilivyogombewa ikashinda 12. Kimoja tu ikakikosa nchi nzima, nacho kilikuwa cha Mbulu. Mgombea rasmi wa chama alikuwa Chifu Amri Dodo. Aliyemshinda ni Herman Sarwatt, aliyesimama kama mgombea binafsi. Na Sarwatt hakuwa mpinzani wa TANU hata kidogo. Alikuwa mwanachama wake.

Hebu tufikiri. Tuseme wiki mbili kabla ya siku ile mdadisi angepita Mbulu na dodoso lake, akauliza: wewe unapenda chama gani? Angejibiwa TANU, nyumba baada ya nyumba. Angerudi Dar es Salaam na asilimia tisini na kitu, akaandika kwamba Chifu Amri Dodo anapita. Majibu yangekuwa kweli tupu, na utabiri wake uongo mtupu. Watu wangekuwa hawakumdanganya. Yeye ndiye angekuwa ameuliza habari ya chama mahali ambapo wenyeji walikuwa wakipima mtu. Hapo ndipo penye kosa la tafiti nyingi za uchaguzi wa wabunge, na Mbulu ilikwisha kulionyesha kabla hata ya bendera ya uhuru kupanda.

Miaka hamsini baadaye ikawa vile vile, kwa njia nyingine. Mwaka 2010 mbunge wetu wa Mbulu alikuwa Philip Marmo, mzoefu bungeni na Waziri wa Nchi katika Ofisi ya Waziri Mkuu. Akaangushwa na Mustapha Akunaay wa CHADEMA. Jirani zetu wa Hanang, wanaopanda mabasi yale yale na kuuza mifugo katika minada ile ile, wakamrudisha Mary Nagu wa CCM. Ukichanganya wilaya hizi mbili ukatoa asilimia moja ya "ukanda wa Mbulu na Hanang", umepata namba isiyomhusu mtu yeyote, wa huku wala wa kule.

Kisha ikaja 2015. Frederick Sumaye, aliyekuwa mbunge wa Hanang miaka ishirini na Waziri Mkuu miaka kumi, aliihama CCM Agosti ya mwaka huo akaenda upande wa Edward Lowassa, mgombea urais wa upinzani. Wajuzi wa vijiweni wakapiga hesabu haraka: Sumaye ameondoka na Hanang yake mfukoni. Hanang ikamchagua Nagu tena. Na Mbulu, iliyogawanywa majimbo mawili ya Mjini na Vijijini, ikarudi CCM kote kuwili. Nani aliyaona hayo kwa bambo la kitaifa?

Tuliangalie bambo lenyewe, kwa haki. Mwaka 2010 REDET, mpango wa utafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulimpa Jakaya Kikwete wa CCM asilimia 71 hivi na Dk. Willibrod Slaa wa CHADEMA kama 12. Matokeo yakatoka: Kikwete takriban 61, Slaa zaidi ya 26. Mwaka 2015 shirika la Twaweza, kwa mradi wake wa Sauti za Wananchi, liliwahoji watu 1,848 wa Tanzania Bara kwa simu. Likasema John Magufuli wa CCM 65, Lowassa 25. Tume ya Uchaguzi ikatangaza Magufuli 58.46, Lowassa 39.97. Mara zote mbili mshindi alitajwa sawasawa, na wapinzani waliokuwa wamezipuuza tafiti hizo kwa kelele walishindwa kweli. Lakini mara zote mbili pia mgombea wa chama tawala alipewa zaidi ya alichopata, na wa upinzani akapewa kidogo mno. Bambo likikosea mara moja utasema ni bahati. Likikosea mara ya pili upande ule ule, inakubidi ulitazame linavyochomwa.

Na hizo ni namba za urais. Kwa ubunge hali ni duni zaidi. Chukua wale 1,848 uwagawe katika majimbo ya Bara, ambayo ni zaidi ya 200. Kila jimbo hawafiki watu kumi. Mbulu Vijijini yote, kuanzia Haydom mpaka bonde la Yaeda, isemewe na watu tisa! Utafiti wa namna hiyo unaweza kukuambia upepo wa nchi unaelekea wapi. Hauwezi kukuambia nani atakwenda Dodoma kwa niaba ya Hanang. Anayekuletea gazeti la Dar es Salaam na kukwambia "jimbo letu limeshaamuliwa, usijisumbue kupanga foleni" anakuuzia gunia ambalo halijachomwa popote.

Mkidhani wingi wa watu peke yake ndiyo dawa, Wamarekani walilipa ada ya somo hilo mwaka 1936. Jarida la Literary Digest lilituma kadi milioni 10, likarudishiwa zaidi ya milioni 2, likatangaza kwamba mgombea urais Landon atamshinda Rais Roosevelt. Roosevelt akashinda majimbo 46 kati ya 48. Majina yalikuwa yametolewa kwenye orodha za wenye simu na wenye magari, katika nchi iliyokuwa taabani kwa mdororo wa uchumi. Walichoma mdomoni mwa gunia, mara milioni mbili. Mtafiti George Gallup, aliyehoji wachache lakini wa kila aina, alimtaja mshindi.

Sisi mdomo wa gunia letu ni upi? Ni barabara kuu, mji, na simu yenye chaji. Twaweza walilijua hilo. Walipoanza mwaka 2012 waliwapa wahojiwa wao simu pamoja na chaja za jua. Lakini simu peke yake haimalizi kazi hapa. Wataalamu wa lugha husema eneo letu ni la ajabu Afrika nzima, kwamba makundi manne makubwa ya lugha yanakutana kwetu: Kiiraqw chenye asili ya Kikushi, Kidatoga cha Kiniloti, lugha za Kibantu kama Kinyaturu, na Kihadzabe chenye vidoko. Ni fahari. Kwa mdadisi ni mtihani, na wengi huukwepa. Dodoso lipo kwa Kiswahili, na bibi wa Kidatoga kule ng'ambo ya Ziwa Balangida anaulizwa kupitia mjukuu wake. Mjukuu anafasiri anavyopenda. Jibu linaloandikwa ni la nani? Na mfugaji aliyehama na ng'ombe wake kiangazi, Mhadzabe aliyeko porini, hao huandikwa "hakupatikana", kazi ikaendelea.

Lipo na jingine ambalo watu husema kwa sauti ya chini. Mdadisi akifika kijijini huanza kwa mtendaji, kama inavyotakiwa, na mara nyingi anayemwonyesha nyumba ni balozi wa nyumba kumi. Balozi ni mtu mwema, ni jirani, husuluhisha ugomvi wa mipaka na wa ndoa. Lakini ubalozi wake ni cheo cha chama, ni kiongozi wa shina la CCM. Sasa baba mwenye nyumba anaulizwa mbele ya balozi: ungependa mbunge wa chama gani? Wewe ungejibu nini? Sina kipimo cha kuonyesha kwamba hii ndiyo sababu ya zile asilimia kumi alizozidishiwa Kikwete mwaka 2010. Nimekaa vijijini vya kutosha kuishuku.

Hofu ya kuuliza na kujibu haikuzaliwa bure. Julai 2018 Twaweza walitangaza kwamba wanaoukubali utendaji wa Rais Magufuli walikuwa asilimia 55, kutoka 71 mwaka uliotangulia. Tume ya Sayansi na Teknolojia ikawaandikia kuwataka wajieleze kuhusu kibali, na mkurugenzi wao Aidan Eyakuze akazuiliwa pasi yake ya kusafiria. Mwaka huo huo Sheria ya Takwimu ikakazwa, kisha 2019 ikalegezwa. Tangu hapo tafiti za aina hiyo zimekuwa adimu. Na Aprili 2025 Tume ya Uchaguzi ilipoiondoa CHADEMA kwenye uchaguzi kwa kutosaini kanuni za maadili, hata swali lenyewe likapungua uzito: ukiniuliza napenda kipi kati ya vilivyobaki kwenye karatasi, umechoma gunia ambalo nusu yake imekwisha kumwagwa.

Wenzetu wa Kenya walitunga sheria mwaka 2012: anayechapisha utafiti wa uchaguzi ataje nani ameulipia, nani ameufanya, lini, watu wangapi walihojiwa, na kosa linaweza kufika wapi, na siku tano za mwisho kabla ya kura asichapishe. Sioni kwa nini mhariri wa Tanzania asubiri sheria ndipo afanye hivyo. Gazeti linalochapa asilimia kwa herufi kubwa na kunyamaza kuhusu nani alilipa limemuuzia msomaji gunia bila kumruhusu kulichoma.

Na ninyi wanasiasa, acheni kununa. Bambo likionyesha maharage yamebunguliwa, dawa ni kwenda ghalani, kumfukuza mwenye bambo hakuponyi punje hata moja. Mwaka 2022 mbunge wa Mbulu Vijijini, Flatei Massay, alipiga sarakasi ndani ya Bunge kudai barabara ya lami. Watu wakacheka, nami nikacheka. Lakini mtu mzima hajipindui mbele ya Spika bila kujua wapiga kura wake wanasema nini nyumbani. Bora kuwauliza mapema na kuandika walichosema.

Neno langu la mwisho ni kwako mwenye nyumba. Usimdanganye mdadisi kwa kumwonea haya, wala kwa kumkomoa. Ukimdanganya, namba ya uongo itarudi kwako kwa njia ya gazeti, na utaiamini wewe mwenyewe. Kama hutaki kusema, mwambie "hiyo ni siri yangu". Nalo ni jibu, na dodoso zuri lina nafasi yake. Asiwepo wa kukuvunja moyo kwa namba alizookota, na asiwepo wa kukulewesha kwazo. Siku mdadisi atakapobisha hodi kwako, uwe Haydom, Basotu au Yaeda Chini, mpe kigoda na maziwa. Muulize ametumwa na nani na wangapi wataulizwa kijijini hapo. Mwombe aulize kwa lugha unayoielewa. Mwambie balozi, kwa heshima zote, atangulie nyumbani kwake. Kisha mjibu.