Hofu ya homoni inahitaji majibu

Mwanamke aliyekoma hedhi, anayeamka usiku shuka zimelowa jasho, akiandikiwa homoni huuliza kwanza: hazitaniletea saratani? Swali hilo lina chanzo. Julai 2002, watafiti wa Marekani walisitisha jaribio la vidonge vya estrojeni na projestini lenye wanawake 16,608, baada ya kuona saratani ya matiti imeongezeka. Habari ikaenea upesi, wengi wakaacha dawa.

Kilichochelewa kuenea ni ukubwa wa hatari yenyewe: wagonjwa 8 zaidi kwa kila wanawake 10,000 kwa mwaka. Tena wastani wa umri wa washiriki ulikuwa miaka 63, ilhali wengi huanza tiba hii wakiwa na hamsini hivi.

Hatusemi hatari haipo. Vidonge huongeza uwezekano wa damu kuganda mishipani. Kiraka cha kubandika kwenye ngozi, kwa dozi ya kawaida, hakijaonekana kufanya hivyo. Mwenye mji wa mimba hapewi estrojeni peke yake, maana inaweza kumletea saratani humo. Matiti kuuma, kichefuchefu na matone ya damu hutokea mwanzoni, na mara nyingi hupungua ndani ya miezi mitatu. Damu isiyokoma ichunguzwe.

Kumwambia mama wa watu “usiwe na wasiwasi”, kisha kumwita anayefuata, ni kumnyima haki yake. Madaktari wamweleze haya kabla ya kuandika dawa, na wampangie siku ya kurudi.