Makumbusho ya Lamu yamfungulie fundi ghala

Sheria ya Makumbusho na Urithi ya Kenya ya mwaka 2006 inaulinda kila mlango uliochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki kabla ya mwaka 1946. Mlango wa aina hiyo hautoki nchini bila kibali. Tunaiunga mkono sheria hiyo, maana milango mingi ya mwambao iling'olewa na kuuzwa kwa wageni kabla hatujajua thamani yake. Lakini kinga hiyo ni ya mbao tu. Mkono unaoweza kuchonga mlango kama ule haukukumbukwa, na hapo ndipo Makumbusho ya Lamu yana kazi ya kufanya.

Hazina iliyoko mikononi mwa makumbusho hayo ni kubwa. Kuna siwa mbili zilizoyapa sifa duniani: ile ya Pate ya pembe ya ndovu na ile ya Lamu ya shaba nyeusi. Kuna viti vya enzi, vito vya fedha, milango, na nyumba nzima ya mawe ya karne ya 18 iliyokarabatiwa ili watu waone vidaka vilivyokatwa kwenye lipu ya chokaa ya matumbawe, safu juu ya safu, ambamo wenye nyumba walipanga sahani na mabakuli ya Uchina.

Vyombo hivi havikutengenezwa vikakae nyuma ya kioo. Siwa ilipulizwa kwenye harusi za wakubwa, na waliostahili waliiazima. Kiti cha enzi kilitolewa kwa mgeni wa heshima akikalie. Tunaelewa kwa nini leo haviguswi: ni vikongwe, na vikivunjika hatuna vingine. Hata hivyo, kuvitunza visiguswe na wageni ni jambo moja, na kumfungia nje mtu ambaye kazi yake ni kuvitengeneza ni jambo jingine kabisa.

Mafundi bado wapo Lamu. Patasi zinasikika vichochoroni, na maagizo yanaingia kutoka mahoteli na kwa matajiri wanaojenga. Tatizo ni kwamba mteja wa leo huja na picha kwenye simu, naye fundi huchonga kwa kuifuata picha. Picha itamwonyesha yungiyungi na mnyororo wa nakshi. Haitamwonyesha unene wa mfaa, wala kina cha mkato kwenye mwimo, wala jinsi ulimi wa mbao ulivyoingia kwenye tundu lake. Kiti cha enzi ndicho kigumu zaidi: vipande vya mpingo vilivyoungwa, vikatiwa mfupa na pembe, kisha mgongo na kikalio vikasukwa kwa kamba. Kazi hiyo huwezi kuisoma ukiwa umesimama upande wa pili wa utepe. Sharti uinamishe kichwa, uangalie chini ya kikalio, upime.

Mwaka 2017 vyombo kutoka hifadhi za makumbusho ya Kenya vilifungwa kwa uangalifu, vikapelekwa Illinois, Marekani, kwenye maonyesho makubwa ya sanaa ya Waswahili, ambayo mwaka uliofuata yalihamia Washington. Ilikuwa fahari, na wataalamu wa huko walinufaika. Basi kama chombo kinaweza kuvuka bahari kikaonwe na msomi wa ng'ambo, seremala wa Langoni au Mkomani hawezi kuambiwa kwamba ghala liko mbali naye.

Tunataka makumbusho yatenge siku katika kila mwezi kwa ajili ya mafundi peke yao, msimamizi akiwepo, wenye tezo na patasi waingie na rula na karatasi zao. Vipimo na michoro ya milango bora ichapishwe kwa Kiswahili na igawiwe karakana bure. Wanafunzi wa vyuo vya ufundi vya kaunti wapelekwe mle kama sehemu ya masomo yao, na waulizwe maswali watokapo.

Jambo la mwisho linahitaji fedha, nalo ndilo tunalolitilia mkazo zaidi. Waliochonga vile vya zamani wengi hawakuacha majina, na hasara hiyo haiwezi kulipwa tena. Tusiirudie. Makumbusho yaanze kununua kazi za mafundi walio hai: mlango, kiti, kofia ya vito, kila kimoja kikiandikwa jina la aliyekitengeneza, mtaa wake na aliyemfunza. Serikali ya Kaunti ya Lamu na Makumbusho ya Taifa wachangie gharama. Mlango wa kwanza uagizwe katika mwaka huu wa fedha, uwe wa mbambakofi, na fundi alipwe siku anayoukabidhi.