Selimundu haitoki kwa mama peke yake

Kuna jambo linalovunja ndoa nyingi: mtoto akizaliwa na selimundu, lawama zote humwangukia mama. Si haki, na wala si kweli. Kila mtu ana nakala mbili za jeni ya himoglobini, moja ya baba, moja ya mama. Ili mtoto augue aina ya selimundu iliyoenea kwetu, lazima kila mzazi ampe nakala yenye kasoro. Wazazi wenyewe waweza kuwa wazima kabisa, maana nakala moja nzuri inatosha.

Halafu wazazi wote wawili wakiwa wabebaji, yaani kila mmoja ana nakala moja yenye kasoro, mtoto ana uwezekano wa asilimia 25 wa kuugua, na hesabu hii wengi huielewa vibaya. Haimaanishi kwamba wakishapata mtoto mmoja mgonjwa, watatu wanaofuata watakuwa salama. Kila mimba huanza upya, kama kurusha shilingi. Najua watu walioendelea kuzaa kwa kutegemea hesabu hiyo, na inaniuma sana.

Wanaosema ni laana ya ukoo wajue hili: mwaka 1954 Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alionyesha kwamba mwenye nakala moja ya kasoro hii hukingwa dhidi ya malaria kali. Ndiyo maana imejaa kandokando ya Ziwa Victoria na Pwani, kwenye malaria nyingi, ilhali katika nyanda za juu zenye baridi ni nadra.

Wachumba, nendeni mkapime wote wawili kabla ya kutoa mahari. Na mwanamume asimtume mwenzake peke yake.