Ufunguo wa Maktaba Umo Mfukoni mwa Askari

Wapiganaji wenzangu wa jeshi na polisi, kuna kisa cha kweli ambacho yafaa tukitafakari kambini. Bwana David Risher, Mmarekani aliyewahi kuwa miongoni mwa wakuu wa kampuni ya Amazon, alizuru makao ya wasichana yatima nchini Ecuador, akaona jengo limefungwa kwa kufuli. Akaambiwa kuwa hiyo ni maktaba. Vitabu vilichelewa mno kufika, wasichana wakapoteza hamu navyo, na ufunguo haujulikani ulipo.

Hapo ndipo shauku yake ilipowaka. Mwaka 2010, pamoja na Bwana Colin McElwee, alianzisha shirika la Worldreader. Walianza Ghana kwa kugawa vifaa vya kusomea vyenye vitabu vingi ndani yake, na mwaka 2011 wakafika Kilgoris, Kenya. Huko Ghana vifaa vingi vilivunjika mikononi mwa wanafunzi. Basi shirika likageukia pia simu ya mkononi, ambayo mwananchi anayo tayari na huitunza kama mboni ya jicho. Mwaka 2014 UNESCO ilitoa ripoti juu ya wasomaji wa simu katika nchi saba, Uganda ikiwemo. Asilimia 62 ya walioulizwa walisema kuwa sasa wanafurahia kusoma zaidi.

Jambo hili latuhusu sisi kuliko wengi, kwani askari ni mtu wa kuhama. Tangu nilipotoka chuo cha kadeti, kila uhamisho umenipunguzia vitabu: sanduku moja lilinyeshewa juu ya lori, jingine sikuliona tena. Simu hailemei mkoba. Kitabu kikishahifadhiwa humo hakihitaji mtandao, wala hakidai malipo kila kinapofunuliwa. Na hilo si dogo, maana tangu Julai 2021 bando za intaneti hutozwa ushuru wa asilimia 12.

Hata hivyo, tusijidanganye. Kufuli ikiondoka, rafuni mna nini? Vitabu vingi vya simu ni vya Kiingereza. Kiswahili ni lugha ya kambi zetu tangu enzi za King's African Rifles. Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalikifanya lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliamua kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Lakini askari afunguapo simu yake, Kiswahili anachokikuta humo mara nyingi ni mizaha na uvumi.

Rai yangu ni hii. Kwanza, kila kambi iwe na akiba ya vitabu vya Kiswahili, kwa idhini ya wenyewe, ambavyo askari atavihamishia katika simu yake bila malipo. Pili, makamanda watenge saa moja kwa juma ya kusoma na kujadiliana. Tatu, wakongwe wetu waandike waliyoyaona, kwani rafu haijijazi yenyewe.

Wengine watasema kuwa simu humsahaulisha askari lindo lake. Ni kweli, na lindoni ikae mbali. Nazungumzia saa za mapumziko, ambazo leo hupotea bure.

Kule Ecuador ufunguo ulipotea. Sisi tunao mfukoni. Aibu itakuwa yetu iwapo mlango utabaki umefungwa.